Keria ya nyuma kwenye skuta: ichomelewe au ifungwe kwa bolti, na ibebe kilo ngapi?

*"Habari za kazi, fundi. Ninakaa Tabata Segerea hapa Dar na nina skuta ya cc 110 niliyoinunua ikiwa imeshatumika. Kila asubuhi napeleka chapati, sambusa na juisi kwa wateja wangu wa maofisini Posta, na mpaka sasa mzigo namlipa bodaboda anibebee. Nataka kuweka keria nyuma nibebe mwenyewe: hotipoti mbili kubwa, kila moja kama kilo 12 ikijaa, na dumu la juisi la lita 20. Fundi wa kuchomelea wa hapa mtaani anasema atanitengenezea keria ya nondo na kuichomelea moja kwa moja kwenye chasisi, kazi ya nusu siku, na haitatikisika hata nikipakia gunia. Mume wangu anasema skuta si chombo cha mizigo, chasisi itakatika. Jirani yangu anasema kama skuta inabeba abiria wa kilo 60, kilo 45 za chakula ni kitu gani? Nimsikilize nani?"*

Dada yangu, kazi yako nzuri na swali lako umelileta kabla ya kuchoma chuma, si baada. Nikuambie mapema ninakokwenda: keria weka, lakini usikubali ichomelewe kwenye chasisi, na juisi usiiweke nyuma kabisa. Mzigo wako wote wa asubuhi unaweza kufika Posta kwa skuta hiyo hiyo, ila haufiki salama ukiwa wote umerundikwa juu ya keria.

Nianze na jirani yako, kwa sababu hoja yake ndiyo inayowaponza wengi, na inaingia akilini kwa urahisi. Ni kweli kwamba skuta nyingi za cc 110 hadi 125 zimetengenezwa kubeba kati ya kilo 130 na 160 hivi, dereva, abiria na mizigo vikiwa pamoja. Ukijumlisha uzito wako na kilo 45 za chakula, huenda hata hujafika hapo. Kosa la hesabu yake ni kwamba anahesabu uzito tu, hahesabu mahali uzito ulipokaa.

Simama pembeni ya skuta yako uitazame. Abiria anakaa mbele kidogo ya ekseli ya gurudumu la nyuma, au juu yake. Keria inaanzia pale siti inapoishia na kwenda nyuma zaidi, kwa hiyo mzigo wake unaning'inia nje ya magurudumu yote mawili. Umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma kwenye skuta za namna hii ni kama sentimita 125. Abiria wa kilo 60 aliyekaa sentimita 10 mbele ya ekseli ya nyuma anaongeza kama kilo 55 kwenye gurudumu la nyuma na kilo 5 kwenye la mbele. Sasa chukua kilo zako 45 uzipakie kwenye keria, kitovu chake kikiwa sentimita 40 nyuma ya ekseli. Gurudumu la nyuma linaongezewa kama kilo 59, na la mbele linapunguziwa zaidi ya kilo 14. Yaani chakula chepesi kuliko abiria kinalielemea gurudumu la nyuma kuliko abiria mwenyewe, na juu ya hapo kinainyanyua pua ya skuta. Ni sawa na kubeba ndoo ya maji mkono ukiwa umenyooka mbele yako badala ya kuishikilia ubavuni. Ndoo ni ile ile, lakini bega litakueleza tofauti.

Kupungukiwa huko mbele ndiko kunakonitia hofu zaidi. Skuta kwa asili yake ni nzito nyuma, maana injini, gia na mara nyingi hata tangi viko chini ya siti. Ukiwa juu yake peke yako, gurudumu la mbele linabeba labda kilo 65 au 70. Ukiondoa 14, usukani unakuwa mwepesi mkononi. Unapokata kona ya kuingia Barabara ya Uhuru pale Buguruni unageuza na skuta inachelewa kuitikia. Ukishika breki ya mbele kwenye lami yenye mchanga, tairi linateleza mapema kuliko ulivyozoea. Kuna jambo jingine ambalo madereva wa skuta wenye maboksi mazito wanalijua: unatoka kwenye mwendo wa 50, unaachia mafuta, na usukani unaanza kutikisika wenyewe kushoto na kulia. Wengi hukimbilia kulaumu beringi za usukani, na wakati mwingine kweli ni beringi, lakini mara nyingi mzigo ukishuka mtikisiko nao unaisha.

Mumeo yuko karibu na ukweli zaidi ya jirani, ila chasisi haikatiki kwa sababu tu umeweka keria. Inakatika kwa sababu ya namna keria ilivyoshikizwa.

Keria nyingi za skuta hufungwa kwenye matundu ya bolti za mkono wa abiria, ile grili anayoishika mtu aliyekaa nyuma. Mara nyingi hapo kuna bolti mbili za mbele na mbili za nyuma, na jozi hizo zimeachana kwa sentimita chache, tuseme 12. Mzigo ukikaa sentimita 30 nyuma ya zile bolti za nyuma, keria yote inakuwa mtaimbo. Bolti za nyuma zinasukumwa chini, za mbele zinavutwa juu. Kwa kilo 45, zile mbili za mbele zinavutwa kwa nguvu ya kama kilo 112 hata ukiwa umesimama kwenye taa. Ukipita kwenye shimo au kuvamia tuta, nguvu hiyo inaruka mara mbili au zaidi kwa kufumba na kufumbua. Halafu piga picha ya rasta na matuta yote kuanzia Segerea hadi mjini, kila siku ya kazi. Chuma hakivunjiki kwa pigo moja. Kinachoka.

Uchovu huo unaonekana ukijua pa kutazama. Ukivua makava ya nyuma ya skuta iliyobebeshwa vibaya, tafuta pale bomba la chasisi linapokutana na kipande cha bati kinachoshika bolti. Pembeni kabisa ya mshono wa kuchomelea utaona mstari mwembamba kama unywele, rangi imeachana, na kutoka kwenye mstari huo kutu ya kahawia imetiririka chini kidogo kwa sababu maji ya mvua yameshaingia. Ukiishika keria kwa nyuma na kuinyanyua, mstari unafunguka. Ukiiachia, unajifunga. Ukiuona mstari huo hakuna cha kukaza bolti, skuta inakwenda kwa fundi.

Sasa tuje kwa fundi wako wa mtaani. Simdharau, na huenda mkono wake ni mzuri sana kwenye mageti na madirisha. Lakini chasisi ya skuta ni mabomba membamba, mengi unene wa ukuta wake ni kama milimita 2. Welding ya vijiti inapopigwa hapo, sehemu iliyo kando ya mshono inapata joto kali, kinga yoyote iliyo ndani ya bomba inaungua, na kwa hewa yetu ya chumvi kutu inaanza kazi kutokea ndani ambako huioni. Baada ya hapo pia umeondoa kiungo ambacho kingeweza kulegezwa. Keria ya bolti ikielemewa, kinachopinda kwanza ni keria au bolti, na hivyo vinanunuliwa. Keria iliyochomelewa ikielemewa, kinachopasuka ni chasisi, na ile ina namba yake iliyosajiliwa.

Kuna hatari ya papo kwa papo pia. Skuta nyingi zina tangi la mafuta chini ya siti au kwenye mkia, karibu kabisa na pale anapotaka kuchomelea. Mvuke wa petroli hauhitaji moto mkubwa. Na kama skuta yako ni ya injeksheni, yaani haina kabureta bali mafuta yanapulizwa kwa kuongozwa na kompyuta, umeme wa mashine ya kuchomelea ukipita kwenye chasisi na betri ikiwa imeungwa, unaweza kuua kompyuta yake. Kwa hiyo hata keria ikitengenezwa na fundi huyo huyo, ichomelewe chini, mbali na skuta, halafu ije kufungwa kwa bolti. Hilo naomba usilegeze.

Kuhusu nondo: ni nzito bila sababu, na nondo za ujenzi zikichomelewa haraka haraka na kupoa ghafla huwa ngumu na kupasuka kando ya mshono. Mwambie atumie bomba la duara la robo tatu inchi, lenye ukuta wa milimita 1.5 hadi 2, na vipande vya kushikia bolti viwe flatibaa, yaani chuma bapa, ya milimita 4 au 5. Kama bomba ni la mabati, ngozi ya zinki isagwe kwa grenda pale panapochomelewa, kwa ajili ya uimara wa mshono na kwa ajili ya mapafu yake, maana moshi wa zinki unaumiza. Miisho ya mabomba izibwe, ipigwe rangi ya msingi ya redoksaidi kabla ya rangi ya juu. Dar hapa keria isiyo na rangi ya msingi haichukui muda mrefu kuanza kumenyeka.

Kabla ya kumpa kazi, hata hivyo, nenda Kariakoo kwenye maduka ya spea za pikipiki ukiwa na skuta yenyewe, uulize keria iliyotengenezwa kwa ajili ya toleo lako. Ikikaa bila kulazimisha tundu hata moja, hiyo ni bora kuliko ya kubuni. Ikikosekana, mafundi chuma wa Gerezani wamezoea kazi za vipimo, na mtu aliyesomea uchomeleaji VETA Chang'ombe ataelewa mara moja ukimwambia unataka mshono kwenye bomba la milimita 2 usiotoboka.

Wakati wa kufunga kuna mambo ambayo mafundi wengi hupita juu juu. La kwanza ni plastiki. Bolti ikibana keria juu ya kava, plastiki inabonyea polepole, bolti inalegea, na kelele ya kugongagonga inaanza. Kati ya chasisi na keria kunatakiwa kipande cha bomba fupi, bushi, kinachopita kwenye tundu la plastiki ili chuma kikae juu ya chuma. La pili ni bolti zenyewe. Tazama kichwa cha bolti: ile yenye nguvu inayofaa ina namba 8.8 iliyogongwa juu yake. Bolti yenye kichwa kitupu, hata iking'aa namna gani, usiiweke hapo. Kama bolti za asili ni fupi kwa sababu umeongeza bushi na flatibaa, nunua ndefu za unene na uzi ule ule. Uzi ukishika mizunguko miwili tu hauna kitu.

La tatu ndilo linaloharibu keria nyingi za kubuni. Fundi anaona keria inanesa, anaamua kuongeza mikono ya kuiegemeza kwa chini, na mahali pa karibu pa kuishikiza anapopaona ni bolti ya chini ya shokapu, au ekzosi, au ubavu wa injini. Kwenye skuta injini haijatulia kama kwenye pikipiki ya kawaida. Injini na gurudumu la nyuma ni kitu kimoja, vinapanda na kushuka pamoja kila unapopita shimo. Mkono wa keria ukifungwa huko, sehemu inayocheza inafungamana na sehemu isiyocheza, na kwa muda mfupi kimojawapo kitakatika. Mikono ya kuegemeza ishikizwe kwenye chasisi peke yake.

Halafu siti. Kama kifuniko cha mafuta kiko chini ya siti, hakikisha siti inafunguka hadi mwisho keria ikiwa imefungwa. Taa ya nyuma, indiketa na namba vionekane bila kuinama. Trafiki atakusimamisha kwa hilo, na dereva wa daladala aliye nyuma yako saa kumi na moja alfajiri anahitaji kuiona ile taa kuliko hata trafiki.

Tuje kwenye kilo. Kampuni kubwa za maboksi ya pikipiki, kama Givi ya Italia, huandika kwenye bidhaa zao mzigo wa juu wa kilo 3 kwa maboksi ya aina nyepesi na hadi kilo 10 kwa aina nzito. Watu wanaposoma hivyo wanadhani ni uoga wa Wazungu. Sivyo. Ni hesabu ile ile ya mtaimbo niliyokuonyesha. Mimi kwa keria inayoning'inia nyuma ya siti, iliyofungwa vizuri, nasema kilo 10 na basi. Ukiniambia mbona bodaboda wanapakia magunia, nitakujibu kwamba pikipiki zao kama Boxer zina chasisi na mkono unaoshika gurudumu la nyuma wa namna nyingine kabisa, na hata hao wengi wao huvuta mzigo mbele hadi wao wenyewe wanakalia tangi.

Kwa mzigo wako, ningeupanga hivi. Juisi, ambayo ndiyo nzito na inayosukasuka, iende kwenye sakafu ya skuta, pale unapoweka miguu. Acha dumu moja la lita 20, tumia mawili ya lita 10 yaliyojazwa hadi shingoni, kwa sababu dumu lililojaa halichezi kama lililojaa nusu. Yalaze au yasimamishe mahali ambapo usukani unageuka hadi mwisho pande zote bila kugusa, na miguu yako bado inapata pa kukanyaga na kushuka haraka. Ukikosa nafasi ya miguu, peleka dumu moja tu kwa safari na lingine litafutie njia nyingine. Usining'inize miguu nje.

Hotipoti mbili zikae kwenye kreti au boksi lililo juu ya siti ya abiria. Hapa ndipo keria inapokuwa na faida ya kweli: itengenezwe ikiwa usawa wa siti, au chini yake kwa sentimita mbili kwa kuwa sponji itabonyea, ili boksi likae nusu juu ya siti na nusu juu ya keria. Hivyo uzito mwingi unabebwa na siti na chasisi ya chini yake, kitovu cha mzigo kinabaki karibu na ekseli, na keria inabaki na kazi ya kuzuia boksi lisirudi nyuma. Kilo 24 hapo hazifiki hata nusu ya abiria. Bei yake ni kwamba abiria huwezi kubeba, na siti haifunguki mpaka ushushe boksi, basi weka mafuta jioni kabla ya kupakia.

Funga kwa mikanda ya kukaza yenye buckle ya chuma, miwili, mmoja kwa urefu na mmoja kwa upana. Mipira ya tyubu tuliyoizoea iwe ya nyongeza tu. Mpira unavutika, na kwenye tuta mzigo unaruka kisha unatua kwa kishindo. Boksi lisiwe refu kwenda juu, wala pana kupita usukani. Kwenye foleni ya Barabara ya Mandela unapima upenyo kwa usukani, unasahau kilicho nyuma.

Upepo wa matairi nao ubadilike. Skuta nyingi za magurudumu ya inchi 10 hutaka PSI 22 mbele na 29 nyuma ukiwa peke yako, na 36 nyuma ukiwa na abiria. Soma stika ya skuta yako, na kwa mzigo huu jaza nyuma kile kipimo cha abiria. Mkanda wa gia utachakaa mapema zaidi, hasa kwa kuanza na kusimama kwenye foleni, kwa hiyo mwambie fundi wako aukague kila huduma. Breki za nyuma vivyo hivyo.

Siku ya kwanza usipakie chakula. Pakia mchanga wa uzito ule ule, zunguka mtaani, pita kwenye matuta, kisha simama uishike keria na kuitikisa. Skuta nzima itikisike nayo. Kama keria inacheza peke yake, rudi kwa fundi. Chora mstari wa rangi ukipita juu ya kila nati na chuma kilicho chini yake. Mstari ukiachana, nati imezunguka. Kaza tena baada ya wiki ya kwanza, kisha kagua kila mwezi.

Kwa kuwa skuta umeinunua ikiwa imetumika, kuna jambo moja ambalo haliwezi kumalizwa kwa maandishi. Kabla hujatoboa wala kufunga chochote, mpelekee fundi wa pikipiki avue makava ya nyuma, na wewe usimame hapo uone. Kama kuna mshono ambao si wa kiwandani, bomba lililopinda, kutu inayomomonyoka ukiigusa kwa bisibisi, au dalili kwamba iliwahi kugongwa nyuma, keria isifungwe mpaka chasisi itengenezwe na mtu anayejua kuipima kama imenyooka. Kama siku moja mzigo wako utapita kilo 45, usiongeze ukubwa wa keria. Kodi bajaji kwa siku hizo, au fikiria pikipiki ya mizigo. Na usukani ukianza kutikisika njiani, punguza mwendo taratibu bila kubana breki ya mbele, egesha, hamishia mzigo mbele au upunguze, na jioni hiyo hiyo skuta ikaguliwe beringi za usukani, tairi la mbele na bolti za keria kabla ya kupakia tena asubuhi.